Mjomba, Rula na Shibiti

Mjomba wangu ana imani moja kuhusu bustani: kila kitu kina kipimo chake, na kipimo hicho hakijafika. Alipokuja kukaa nasi alikuta ndoo nne zimelala bure nyuma ya jiko. Akazitoboa chini, akazijaza udongo, akapanda humo humo mbegu za shibiti, kiungo cha majani kiitwacho dill kwa Kiingereza. Hapo namvulia kofia, kwa sababu shibiti ina mzizi mkuu unaozama wima, na ukioteshwa pengine kisha ukahamishwa, mche hununa. Ndoo tatu akazipanga juani. Ya nne ilikosa nafasi, akaisukuma chini ya dirisha la chumba chake, kwenye kivuli cha ukuta. Kisha akaenda kutafuta rula.

Miche ilitoka, vijani vyembamba vinavyopeperuka kwa pumzi tu, na harufu yake ikawa inaingia jikoni bila kubisha hodi. Mimi ndiye mpishi wa nyumba hii. Najua shibiti ikishatoa majani manne au matano yaliyokamilika, na kimo kikagusa sentimita 20 hivi, unaweza kuanza kuchuma. Kwa kawaida ni wiki 6 hadi 8 tangu kupanda. Nikaenda kuomba kwa adabu zote.

"Mjomba, naomba vijani viwili vitatu vya kutia kwenye mayai."

"Bado, mpwa wangu. Iache ijaze."

"Si imefika sentimita 20?"

"Nimepima mwenyewe. Kumi na tisa na nusu."

Nikarudi baadaye, imevuka 30. Akaniambia sasa inakua kwa kasi, nikiikata nitaikatisha tamaa. Nilipokwenda tena akasema inakaribia kimo anachokitaka. Kimo gani? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wake mbele ya watu.

Shida ni kwamba shibiti haisubiri mtu. Majani yake huwa na harufu kali na tamu kabla tu ya kuchanua. Bua la maua likishapanda, mmea huhamishia nguvu zote kwenye maua na mbegu. Majani hupungua, hugeuka manjano, na ladha yake si ile tena. Jua kali huharakisha mambo hayo yote. Ndoo tatu za Mjomba zilikuwa zinachomwa na jua kutwa, na yeye akifurahi kila zikirefuka, maana kwake urefu ndiyo neema. Nilimwonyesha kibua kimoja kilichoanza kunyanyuka katikati. Akakipima.

Basi nikawa mwizi. Sioni aibu kusema, mayai yenyewe yalikuwa yananilaumu. Nilichagua ndoo ya kivulini kwa kuwa pale giza ni zuri, ingawa ni chini ya dirisha la mwenye mali. Niliiba kitaalamu: mkasi safi, majani ya nje ya chini kwanza, kila mche ukibakiwa na theluthi mbili au zaidi, na ncha ya katikati naipunguza kidogo ili mmea utanuke badala ya kurefuka. Hakuna shibiti iliyowahi kuibwa kwa heshima namna ile.

"Mayai ya leo yana harufu nzuri," Mjomba alisema mezani.

"Ni mkono wa mpishi tu, Mjomba."

"Endelea hivyo hivyo."

Nikaendelea hivyo hivyo, mpaka rula ikagundua kuwa ndoo ya dirishani imesimama kukua. Mjomba akatangaza wadudu. Na kweli wapo viwavi wanaoipenda shibiti kuliko mimi, wanaweza kuubakisha mche uchi. Akapekua kila jani kwa miwani na lenzi. Alichopata ni vidukari wachache waliokuwa wakiliwa na wadudu waitwao ladibagi, yaani jeshi lake mwenyewe lilikuwa kazini. Hakuridhika. Akasikia kwamba maji ya sabuni yanafukuza wadudu, akatafuta chupa ya kupulizia. Dawa hiyo inataka sabuni kijiko kidogo hivi kwa lita nzima. Mtu huyu anayepima kila jani siku hiyo alimimina kwa kukisia.

Hayo ya sabuni mimi sikuyajua.

Wakwe zangu walikuwa wanakuja kula mchana wa siku iliyofuata. Mke wangu, ambaye mpaka hapo alikuwa akijifanya hajui shibiti inatoka wapi, aliniagiza rasmi: fungu kubwa, kwa ajili ya supu ya samaki. Usiku nikatoka peku, nikachuchumaa chini ya dirisha, nikakata taratibu. Nilikuwa nimeshajaza mkono, dirisha likafunguka juu ya kichwa changu.

Chwaa! Chwaa! Chwaa!

Ya kwanza ilinipata kisogoni. Nikainua uso kutazama ni nini, ndiyo ikanipata ya pili na ya tatu machoni. Kelele ilinifika kooni nikaimeza, na ilikuwa na povu. Nikakaa kimya kama maji mtungini, machozi yakinitoka, huku Mjomba juu yangu akipuliza kulia na kushoto na kuwasemesha wadudu: "Leo mtanitambua!" Wadudu tulikuwa mmoja. Alipuliza mpaka chupa ikaanza kukoroma, akafunga dirisha, akalala usingizi wa mshindi.

Nikaingia ndani kwa kupapasa, macho yamefumba. Fungu nikalisokota kwenye kitambaa chenye unyevu, ndivyo shibiti inavyokaa mbichi siku kadhaa, nikalitia kwenye friji, nikaenda kuosha macho. Asubuhi mke wangu alikuta fungu limefungwa vizuri, linang'aa kwa matone. Mtu yeyote angesema hilo limeshaoshwa.

Shibiti haipikwi, ukiichemsha harufu inakufa. Kwa hiyo aliepua supu kwanza, akakatakata majani, akayamwaga yote, akakoroga. Supu ikatoa povu. Alidhani ni ya samaki, akaikoroga tena kuituliza. Ikaongezeka.

Mezani kila mtu alipiga kijiko cha kwanza akatulia. Baba mkwe alianza kutazama dari. Mama mkwe, mwanamke mpole sana, alimeza, akapangusa midomo, akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, huyu samaki mlimwogesha?"

Mjomba hakucheka. Alichukua kijiko cha pili, akakizungusha mdomoni kama hakimu anayesoma faili. Akaweka kijiko chini.

"Hii ni shibiti yangu," alisema. Akanyamaza kidogo. "Na hii ni sabuni yangu."

Kisha akayatazama macho yangu, yalivyokuwa mekundu.

Mama mkwe aliokoa jahazi, au hivyo nilidhani. Aliinuka akaomba aonyeshwe hiyo shibiti. Tukatoka wote. Ndoo tatu za juani zilikuwa zimepasuka miavuli ya maua ya manjano, nyuki wakizishangilia, majani chini yamebaki machache yaliyonyauka. Ndoo ya dirishani, iliyoibwa na kuogeshwa, ilikuwa imetanuka, majani tele, haina ua hata moja. Mjomba alisimama mbele yake kwa muda.

"Sabuni inafanya kazi," akasema.

Mama mkwe hakuwa anamsikiliza. Alikuwa ameshashika ua moja, analinusa. Akasema maua haya ndiyo yanayotiwa kwenye achari ya matango, yana ladha ya jani na ya mbegu kwa pamoja, ni bora kuliko kungoja wiki 2 au 3 mpaka mbegu ziwe kahawia. Akaniomba mkasi. Hakumwomba mtu ruhusa. Alikata mwavuli baada ya mwavuli, ndoo zote tatu, na Mjomba aliyeninyima vijani viwili vya mayai akawa anamshikia mfuko, maana mkwe ni mkwe.

Alipomaliza alitikisa kichwa akitazama mabua matupu.

"Ila mmechelewa sana, ndugu yangu. Majani haya yalitakiwa kuchumwa zamani. Nani aliwaambia msubiri?"

Mjomba alikunja mdomo wa mfuko taratibu, akanielekezea kwa rula.

"Huyu," akasema. "Nilimwambia achume, hakusikia."