Deni Langu Lilivyopanda Darini

Leo asubuhi nimetoka kununua mahamri na mbaazi, mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, kofia imekaa sawa kichwani. Muuzaji ananifungia, halafu ananishika mkono kama tuko matangani: "Pole, baba Saidi. 47,000 si pesa ndogo."

Sikumuuliza kajuaje. Lamu hakuulizwi swali hilo.

Kinyozi kaniuliza kama nalipa taslimu kabla hajatia wembe. Nahodha wa boti ya Mokowe, ambaye juzi tu alikuwa akiniita mzee wangu, leo ananiambia nauli mbele. Na kijana mmoja pale bandarini, simjui hanijui, kaniambia nianze na lile dogo. Dogo lipi? Anajua yeye.

Chanzo ni harusi ya shemeji yangu. Tumekaa barazani, watu wanataja michango: huyu 3,000, yule 5,000. Ilipofika zamu yangu ulimi uliteleza ukataja 20,000. Nikaombewa dua, watu wakaitika amina mpaka nikasikia mwili unasisimka. Ile dua ndiyo nailipia mpaka leo. Mfukoni sina kitu, nikageukia simu. Nikakopa programu ya kwanza, nikakopa ya pili kulipa ya kwanza, nikakopa ya tatu nisije nikaipuuza. Huku nyuma unga, mchele na mafuta vinaandikwa kwenye daftari la duka la Langoni, na mwenye duka ana mwandiko mzuri sana.

Mama Saidi sikumwambia. Mama Saidi akisikia neno riba hufunga madirisha kama mvua ya masika imeingia. Nami nilikuwa na kinga yangu: Benki Kuu ilitoa kanuni mwaka 2022, mkopeshaji wa simu haruhusiwi kupigia watu walio kwenye orodha ya simu yako ili akuaibishe. Nikalala usingizi. Nilisahau tu kwamba mtu wa Lamu haaibishwi kwa simu.

Basi jana, baada ya isha, stima zimepotea, nikaona ndiyo saa yenyewe. Giza linasitiri uso. Nikamwita mke wangu darini, kule juu ya nyumba chini ya makuti, nikamtandikia mkeka, nikammiminia chai mwenyewe. Hapo ndipo nilipokosea. Miaka 19 ya ndoa sijawahi kummiminia chai.

"Mama Saidi," nikanong'ona, "kuna jambo."

Akakiweka kikombe. "Umeoa."

"Sikuoa!"

Dari ya pili, ambayo ukinyoosha mkono unagusa makuti yake, ikasikika sauti: "Kaoa?"

Ya tatu ikapokea: "Nani kaoa?"

"Baba Saidi."

"Kamuoa nani?"

Nikasikia habari inakwenda zake kuelekea Mkomani, dari kwa dari. Na mimi nina wakwe huko. Ikabidi nisimame, nishike ukuta, nipige kelele kama mpiga mbiu: "Sikuoa jamani! NADAIWA!"

Kimya. Kisha mke wangu akasema alhamdulillahi, kwa moyo wote, na ile furaha yake ilidumu kama sekunde tano.

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Kama 12,000."

"Afadhali."

"Hiyo ni programu ya kwanza."

Mtu akakohoa gizani. Nikaendelea kwa sauti ya chini, lakini mtaa mzima ulikuwa umezima hata redio za betri. Ya pili 9,000. Ya tatu 8,000. Daftari la duka, 18,000. Kwenye dari ya magharibi nikasikia mtu anajumlisha. Nikamtambua. Ni mwalimu wangu wa hesabu, kastaafu siku nyingi, lakini jumla haijastaafu.

"47,000," akasema. "Hiyo ya kwanza, riba asilimia ngapi?"

"15 kwa mwezi, Mwalimu."

"Zidisha mara 12."

Jamani, nina ndevu za mvi. Nilijibu nimesimama. "180, Mwalimu."

"Kwa mwaka! Ua hiyo kwanza. Yenye riba kubwa ndiyo inayokula nyama."

Bibi wa dari ya mashariki akakataa. "Mwanangu, lipa moya moya. Anza na dogo, ukilimaliza moyo upate nguvu." Mwalimu akasema moyo haulipi riba. Bibi akasema ndiyo maana mwalimu hakualikwa harusini. Mwingine akaleta habari ya sacco: asilimia 12 kwa mwaka, riba inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu, ufunge yote matatu ubaki na moja. Dari zikagawanyika. Kuna waliokuwa wanatetea mpango wangu wa malipo kwa hasira kuliko mimi mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa, nakunywa ile chai.

Mama Saidi akaacha wachoke. Halafu akasema, "Riba haiingii tena nyumba hii. Mwezi huu zamu ya mchezo, ule wa kuchangiana na wenzangu, ni yangu. 30,000."

Nikainua mikono kushukuru. Akaniambia niishushe, hajamaliza. Hiyo ni karadha, haina riba, lakini ina mashahidi, na mashahidi ni dari tatu. Simu tatu zilipwe asubuhi, 29,000, programu zifutwe yeye anaona. 1,000 iliyobaki ni ya leso yake, kwa usumbufu. Mwenye duka nikamuangukie, 3,000 kwa mwezi, miezi sita. Na yeye nimrudishie 250 kila siku inayokucha, siku 120, kutoka mgongoni mwa punda.

"Punda wangu?"

"Punda wetu," likajibu giza, na haikuwa sauti ya mke wangu.

Huyo punda naye! Tangu 1987 punda wa Lamu wana zahanati yao, wanatibiwa bure, hata kwato. Mimi jino linaniuma tangu Ramadhani. Akikohoa yeye, wanakuja watu na bomba la sindano. Nikikohoa mimi, naambiwa nipunguze kahawa. Na mchanga anaobeba ni mali yangu, lakini watu wakipita wanampa pole yeye.

Sasa ni saa kumi na nusu, niko Mkunguni mbele ya ngome, nimehesabu mara tatu: nina 210. Katokea mtalii anataka kumpiga picha punda. Nikamwambia, kwa heshima zote, picha ni 40. Kacheka, kampa ganda la embe, kaondoka zake.

Na punda kamfuata.