Ushujaa wa Bukoba: tulibishana kuhusu mlango, tukasahau boti

Jumapili ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilibeba watu 43. Waliokufa ni 19, wakiwemo marubani wote wawili. Kesho yake, miili ikiagwa Uwanja wa Kaitaba, taifa lilikuwa tayari na shujaa wake: Majaliwa Jackson, mvuvi wa miaka 20. Mkoa ulimpa shilingi milioni 1, na Waziri Mkuu akatangaza agizo la Rais kwamba kijana huyo aajiriwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sifa hazijapoa, ubishi ukaanza. Majaliwa alieleza kwamba yeye na wavuvi wenzake watatu waliupiga mlango wa nyuma kwa kasia hadi ukafunguka. Simulizi nyingine zikasema mlango ulifunguliwa kutoka ndani na mhudumu wa ndege, kama alivyofundishwa. Mitandaoni watu wakagawanyika kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Waliomtilia shaka hawakuwa na husuda tu. Hoja yao ina uzito: sifa ikimwagwa yote kwa mtu mmoja, wengine wananyang'anywa yao. Mhudumu aliyebaki na akili timamu huku maji yakijaa ndani ya ndege, akawatoa abiria kwanza, naye anaitwaje? Kuna wanaojibu kwamba huyo alikuwa kazini, analipwa mshahara kwa hilo. Jibu hilo silikubali. Mshahara haumfundishi mtu kutokimbia. Na wale waliokuwa majini wakivuta kamba ili ndege isogee ufukweni, majina yao nani anayakumbuka? Isitoshe, wahenga walishaonya kuhusu mgema anayesifiwa: kumtangaza mtu shujaa wa taifa kabla uchunguzi haujaanza ni kumtwisha mzigo ambao hakuuomba.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hata tukichukulia kwamba mlango ulifunguliwa kutoka ndani, kinabaki nini? Anabaki kijana aliyeona ndege ikizama akapiga kasia kuifuata, bila kujua kama italipuka, bila boya, bila bosi wa kumwamuru. Kwangu mimi ushujaa ulikamilika hapo, kabla hata kasia halijagusa mlango. Tukitaka kuupima kwa matokeo pekee, basi aliyezama na kurudi mikono mitupu hana sifa, na hilo si kweli.

Sehemu ya simulizi yake iliyostahili kujadiliwa zaidi, tena ndiyo iliyopita kimyakimya, ni ile iliyofuata. Anasema alizunguka hadi mbele, akapiga mbizi, akawasiliana na rubani kwa ishara kupitia kioo. Rubani akamwonyesha avunje kioo. Aliibuka, akaomba kifaa kwa walinzi wa uwanja wa ndege waliokuwa wamefika, akapewa shoka. Kabla hajashuka tena, mtu mwenye kipaza sauti akamzuia: walikuwa wakiwasiliana na marubani, akaambiwa, na maji hayakuwa yakiingia kule mbele. Alirudi chini, akampungia rubani mkono wa kwaheri. Rubani akaashiria kwamba bado anataka kuokolewa, akamwonyesha mlango wa dharura. Majaliwa akaufunga kamba, wakauvuta kwa msaada wa mitumbwi mingine, kamba ikakatika na kumpiga usoni. Alizindukia hospitalini.

Hiyo ni simulizi ya mtu mmoja, na ina sehemu zinazobishaniwa. Ila soma tena mahali pa shoka. Tulitumia majuma tukibishana nani alifungua mlango uliofunguka, ilhali kulikuwa na mwingine ambao haukufunguka, na watu wawili nyuma yake.

Ndiyo maana nasita kidogo ninapoona shujaa anapatikana haraka kiasi kile. Shujaa huyaziba maswali. Ziwa hili si geni kwa misiba. Mwaka 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaua mamia ya watu. Ilipotobolewa ili kuwafikia waliokuwa ndani, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikazama kabisa. Mwaka 2018 ikawa zamu ya MV Nyerere karibu na kisiwa cha Ukara, watu zaidi ya 200 wakapotea. Halafu ndege inaangukia karibu tu na kiwanja cha ndege, katika mji wa pwani ya ziwa, na wanaotangulia kuifikia ni wavuvi.

Sisemi Majaliwa hakupaswa kuajiriwa. Shukrani yenye mshahara ni bora kuliko cheti cha kuning'iniza ukutani, na kijana alistahili. Lakini ajira ile ilikuwa pia kukiri kwamba jeshi la uokoaji lilimchukua mtu aliyelitangulia eneo la tukio. Kumvalisha sare mmoja hakuongezi mwokoaji kwenye ule mwalo, kituo cha mitumbwi ya wavuvi, alikotoka. Pengine kunampunguza mmoja. Wenzake walibaki na mitumbwi ileile na makasia yaleyale. Boti ya uokoaji yenye mafuta, maboya, mitungi ya hewa, na mafunzo ya siku kadhaa kwa wavuvi wa kila mwalo ulio karibu na kiwanja cha ndege si mambo ya kushangiliwa Kaitaba, ila bajeti yake inaweza kuulizwa bungeni, kwa jina la kila mwalo.