Mhamiaji wa Kireno acheke, wa Kiafrika alie?

Mwaka 2013 Ruben Alves, mtoto wa Wareno waliohamia Ufaransa, alitoa filamu ya A Gaiola Dourada. Mama ni mtunza jengo katika mtaa wa kitajiri wa Paris, baba ni fundi mwashi. Wanaporithi nyumba Ureno, kila anayetegemea jasho lao anafanya hila wasiondoke. Ni vichekesho, sehemu kubwa kwa Kifaransa, na Wareno walijaa kumbi kuitazama.

Miaka sita baadaye Pedro Costa, mwongozaji wa Kireno, alitwaa Chui wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Locarno huko Uswisi, kwa filamu ya Vitalina Varela, iliyopewa jina la mwigizaji wake mkuu. Mwanamke wa Cabo Verde, aliyesubiri miongo kadhaa mumewe amtumie tiketi, anafika Lisbon siku tatu baada ya mume kuzikwa. Anashuka ngazi za ndege bila viatu. Wanawake wa usafi wanampokea palepale uwanjani na kumwambia arudi, Ureno hakuna chake. Kuanzia hapo karibu kila kitu ni usiku.

Wanaomlaumu Costa wana hoja ya kusikilizwa. Wanasema amegeuza umaskini kuwa mchoro wa kupendeza macho, na kwamba filamu hizi huishia kwenye matamasha, mbele ya watu wasiowahi kukanyaga mitaa ya Amadora, mji ulio kando ya Lisbon wanakoishi wahamiaji wengi wa Kiafrika. Mwafrika anakuwa mtu wa msiba siku zote, hachezi, hapiki, hagombani na jirani. Mreno wa Paris ana ndugu, karamu na utani.

Hata hivyo lawama ya giza siikubali moja kwa moja. Costa alianza kurekodi Fontainhas, mtaa wa mabanda wa wahamiaji huko huko Amadora, miaka ya 1990 na hakuondoka kama mgeni aliyekwisha pata picha zake. Vitalina ndiye mwenye kisa hicho maishani mwake, ndiye anayekiigiza, na ametajwa kuwa mwandishi mwenza. Kikrioli chake, lugha ya Cabo Verde, kinasikika bila kunyooshwa. Naye si wa kulia tu: anaisuta nyumba mbovu aliyoiacha marehemu, akiilinganisha na ile waliyoijenga wawili kwa mikono yao kule kijijini. Hapo anazungumza mtu anayejua kazi ya ujenzi na anayedai haki yake.

Katika filamu nyingine ya Costa, Juventude em Marcha (2006), Ventura, fundi mwashi kutoka Cabo Verde, anaingia jumba la makumbusho la Gulbenkian mjini Lisbon ambalo anasema alishiriki kulijenga. Mlinzi anamnong'oneza atoke, kisha anapangusa sakafu pale aliposimama. Hakuna aliyepaza sauti. Hakuna hotuba ya ubaguzi niliyowahi kuisikia iliyonichoma kama kile kitambaa.

Lawama ninayoiona nzito ni nyingine: nani anashika kamera. Alves alisimulia maisha yaliyofanana na ya wazazi wake mwenyewe, akapata fedha na waigizaji wakubwa, ndiyo maana alikuwa na ujasiri wa kuwatania. Mtoto wa wahamiaji wa Amadora hakuwa na nafasi hiyo. Sheria ya uraia ya Ureno ya 1981 iliondoa haki ya kuwa Mreno kwa kuzaliwa tu nchini, hivyo wengi walikua wakihesabiwa wageni mahali pekee walipopajua. Mtu anayehangaikia karatasi za ukaazi atapata wapi ruzuku ya filamu? Heshima ya Costa, hata iwe ya kweli kiasi gani, bado ni heshima ya Mreno aliyeamua kusikiliza.

Ndiyo maana nimeifurahia sana filamu ya Hanami ya Denise Fernandes, aliyezaliwa Lisbon kwa wazazi wa Cabo Verde. Mwaka 2024 Locarno ilimpa tuzo ya mwongozaji chipukizi. Amekipeleka kisa kisiwani Fogo, huko Cabo Verde, kwa msichana ambaye mama yake amehama akamwacha. Kuna jua, bahari, bibi, homa na ndoto, na huzuni inapita humohumo bila kumeza kila kitu. Sasa nangoja mwenzake aifanyie hivyo Amadora yenyewe, na ikibidi atuchekeshe.