Matumaini ya Mashabiki wa Magongo Kabla ya Msimu Si Ndoto za Alinacha

Kila ifikapo Septemba, timu 32 za NHL, ligi kuu ya mpira wa magongo wa barafuni huko Marekani na Kanada, hufungua kambi zao za mazoezi, na mashabiki nao hawakamatiki kwa maneno. Shabiki wa timu iliyoburura mkia msimu uliopita huzungumza kama mtu aliyekwisha kuuona mwaka ujao: chipukizi aliyesajiliwa atafunga mabao 30, beki aliyeuguza goti amepona, kocha mpya ana mfumo wake, na safari hii timu itafika mbali. Wapo wanaomsikiliza kwa huruma, na wapo wachambuzi wanaomwambia waziwazi kwamba anajidanganya, kwa kuwa timu iliyokuwa dhaifu Aprili haigeuki kuwa bora Oktoba kwa miezi michache ya mapumziko. Mimi nasimama upande wa shabiki huyo. Naamini kwamba katika mchezo huu, na hasa katika ligi hii kama ilivyoundwa tangu mwaka 2005, matumaini ya kabla ya msimu yana mashiko, na anayeyadharau ndiye ambaye hajautazama mchezo kwa makini.

Jambo la kwanza ni fedha. Ligi iliporejea mwaka 2005 baada ya mgogoro mrefu wa kikazi, ilikuja na kikomo cha mishahara, ambacho kwa msimu huo kilikuwa dola milioni 39 kwa kila timu. Kiwango hicho kimekuwa kikipanda pamoja na mapato ya ligi, hata kikafikia dola milioni 95.5 msimu wa 2025/26, lakini kanuni imebaki ile ile: klabu ya New York yenye wadhamini tele haina ruhusa ya kupita kikomo kinachoibana klabu ya mji mdogo kama Winnipeg, Kanada. Anayefuatilia soka ya Ulaya amezoea kuona klabu tajiri ikimweka benchi mchezaji ambaye kwingine angekuwa tegemeo. Katika NHL anasa hiyo ni ghali mno, kwa maana timu inayombakiza nyota wake kwa mshahara mnono hulazimika kuwaacha wengine waondoke, na tarehe 1 Julai, soko la wachezaji huru linapofunguliwa, hao wanaoondoka hugombaniwa na timu za chini zenye nafasi ya kuwalipa. Tukiongeza juu yake utaratibu wa kuchagua chipukizi, ambao kila mwaka huzipa timu za mkiani nafasi nzuri zaidi ya kupata vijana bora, tunaona kwamba ligi yenyewe inafanya kazi ya kuzivuta timu zikaribiane. Shabiki anayesema kwamba timu yake itapanda anasema kile ambacho kanuni za ligi zimekusudia kitokee.

Jambo la pili ni mchezo wenyewe. Mechi ya magongo ina vipindi vitatu vya dakika 20, na mara nyingi huamuliwa kwa bao moja. Kisahani kinachochezewa husafiri kwa kasi ya ajabu kati ya miguu na magongo ya watu kumi, hugonga kiatu cha mtu asiyekikusudia, kikabadili njia na kuingia wavuni. Juu ya hayo yupo golikipa, mtu mmoja anayeweza kuifanya timu ya kawaida ionekane imara, au kuiangusha timu ya vigogo. Sijui mchezo mwingine wa timu ambamo mtu mmoja huamua mengi kiasi hicho, tena mtu ambaye ubora wake ni mgumu kutabiriwa kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Ndiyo maana huwa sishawishiki sana na orodha za Septemba zinazozipanga timu kuanzia ya kwanza hadi ya 32.

Wenye kutilia shaka haya ningewarudisha kwenye msimu wa 2018/19. Tarehe 3 Januari 2019, St. Louis Blues walikuwa wa mwisho katika ligi nzima, ambayo wakati huo ilikuwa na timu 31. Kocha wao, Mike Yeo, alikuwa amefukuzwa Novemba, na Craig Berube alikuwa akishikilia nafasi hiyo kwa muda. Siku chache baadaye walimpa Jordan Binnington, golikipa ambaye klabu ilimchagua tangu 2011 na ambaye jina lake halikuwa midomoni mwa watu wakati kambi zilipofunguliwa, nafasi ya kuanza mechi yake ya kwanza katika NHL, naye akaimaliza dhidi ya Philadelphia bila kufungwa hata bao moja. Juni 12 mwaka huo huo, Blues waliifunga Boston 4–1 katika mechi ya saba ya fainali, ugenini, wakatwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, kwa mara ya kwanza tangu klabu ilipojiunga na ligi mwaka 1967. Shabiki wa St. Louis ambaye Septemba alisema kwamba huo ndio mwaka wao alichekwa kwa miezi minne mfululizo, na alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Mfano wa Vegas Golden Knights unanigusa zaidi, kwa sababu mashabiki wake walianza bila historia yoyote ya kushikilia. Timu hiyo iliundwa mwaka 2017 kwa kuchukua mchezaji mmoja kutoka kila mojawapo ya timu nyingine 30, yaani wale ambao klabu zao ziliona zinaweza kuishi bila wao. Mmoja wao, William Karlsson, alikuwa amefunga mabao 6 tu msimu uliotangulia akiwa Columbus. Katika msimu wake wa kwanza Vegas alifunga 43. Timu iliyotarajiwa kuwa ngazi ya wengine kujipatia pointi ilifika fainali katika mwaka wake wa kwanza kabisa, ikashindwa na Washington Capitals, ambao nao walikuwa hawajawahi kutwaa kombe hilo. Jambo lililowaponyoka wataalamu wengi ni kwamba mchezaji aliyekuwa akipewa dakika chache mahali pamoja anaweza kuwa mtu mwingine kabisa anapoaminiwa mahali pengine. Hilo halionekani katika takwimu za msimu uliopita. Huonekana Oktoba, mtu anapopewa zamu nyingi zaidi barafuni.

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito wake. Toronto Maple Leafs, klabu yenye wafuasi wengi na wavumilivu, ilitwaa kombe mara ya mwisho mwaka 1967. Tangu Montreal Canadiens walipoutwaa ubingwa mwaka 1993, mashabiki wa Kanada walipita miaka zaidi ya 30 ya kuona kombe likibaki Marekani, na wale wa Edmonton walishuhudia timu yao ikipoteza fainali mbili mfululizo mbele ya Florida Panthers, 2024 na 2025. Panthers hao hao, kama Tampa Bay Lightning 2020 na 2021 na Pittsburgh Penguins 2016 na 2017, wanaonyesha kwamba kikomo cha mishahara hakijazuia timu bora kurudia ubingwa. Yote hayo ni kweli. Lakini anayeyataja ili kumnyamazisha shabiki wa Septemba huwa amechukulia kwamba matumaini yote ni matumaini ya kombe, na hapo ndipo tunapoachana.

Chukua hao hao Maple Leafs. Msimu wa 2015/16 walimaliza wa mwisho kati ya timu 30. Tarehe 12 Oktoba 2016, katika mechi ya kufungua msimu dhidi ya Ottawa, kijana wa miaka 19 aitwaye Auston Matthews alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL na kufunga mabao manne. Toronto ilipoteza mechi ile 5–4 katika muda wa ziada, lakini sidhani kwamba yupo shabiki wa Toronto aliyelala usiku ule akiwa na huzuni kubwa. Aprili iliyofuata timu hiyo ilikuwa katika hatua ya mtoano. Haikutwaa chochote, ilitolewa na Washington, lakini kuhama kutoka mkiani hadi kuwa miongoni mwa timu 16 zinazoendelea kucheza baada ya msimu wa kawaida ni jambo ambalo shabiki alikuwa na kila sababu ya kulitarajia, na alipolipata lilikuwa lake.

Zaidi ya hayo, mechi za mwanzo zina thamani ambayo wenye kusema "tungoje hadi Machi" huipuuza. Ushindi wa Oktoba una pointi mbili sawa na wa mwisho wa msimu, na hata anayepoteza katika muda wa ziada huondoka na pointi moja, kwa hiyo timu hubanana sana katika msimamo na anayeachwa nyuma mapema hupata taabu kufika mbele. Wachambuzi hukumbusha kila mwaka kwamba takriban robo tatu ya timu zinazokuwa ndani ya nafasi za mtoano ifikapo sikukuu ya Shukrani ya Marekani, mwishoni mwa Novemba, hubaki humo hadi mwisho. Ile robo inayoanguka ndiyo inayowaachia nafasi watu kama St. Louis wa 2019, lakini hesabu nzima inatuambia kwamba shauku ya wiki za kwanza imeelekezwa mahali panapostahili.

Ipo sababu nyingine inayonifanya niuheshimu msisimko huu, nayo ni kwamba mashabiki wa mchezo huu wanajua maana ya kunyimwa msimu. Tarehe 16 Februari 2005, kamishna Gary Bettman alitangaza kwamba msimu wote wa 2004/05 umefutwa kwa sababu wamiliki na chama cha wachezaji walikuwa wameshindwa kuelewana. Kombe la Stanley halikutolewa mwaka huo. Msimu wa 1994/95 na ule wa 2012/13 ilipunguzwa hadi mechi 48 kwa migogoro ya aina hiyo hiyo, na janga la korona likaufanya msimu wa 2020/21 uanze Januari ukiwa na mechi 56. Ligi iliporudi tarehe 5 Oktoba 2005, timu zote 30 zilicheza usiku mmoja, na katika usiku huo huo Sidney Crosby na Alexander Ovechkin, chipukizi wawili waliokuja kuwa nyota wakubwa wa ligi, walicheza mechi zao za kwanza; Ovechkin alifunga mabao mawili, mwanzo wa safari iliyomfikisha mwaka 2025 kuivunja rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao 894. Watu waliokaa zaidi ya mwaka bila mechi moja walipata yote hayo kwa mkupuo.

Wanaofuatilia magongo ya wanawake wamengoja kwa shida zaidi, kwa kuwa wao hawakuwa na uhakika hata wa kuwapo kwa ligi. Ligi ya wanawake ya Kanada ilivunjwa mwaka 2019, na kwa miaka kadhaa wachezaji bora duniani walicheza mechi za maonyesho wakitafuta mahali pa kudumu. PWHL, ligi mpya ya wanawake ya kulipwa, ilipofungua pazia tarehe 1 Januari 2024 jijini Toronto, timu ya New York ikashinda 4–0, na Aprili mwaka huo watu 21,105 walijaza ukumbi wa Montreal kuitazama timu yao ikipambana na Toronto. Ligi hiyo ilianza na timu sita, na kwa msimu wa 2025/26 ikaongeza Seattle na Vancouver. Shabiki wa Seattle alipata kuhesabu siku kuelekea ufunguzi wa timu ya kulipwa ya magongo ya wanawake katika mji wake, jambo ambalo miaka michache kabla lisingewezekana hata kulitamka.

Sasa kuna mabadiliko yanayougusa moja kwa moja muda huu wa kungoja. Mkataba mpya kati ya NHL na wachezaji, unaoanza kutumika Septemba 2026, unaongeza mechi za msimu wa kawaida kutoka 82 hadi 84 na kupunguza mechi za maandalizi zisizidi nne kwa kila timu. Mimi nauunga mkono. Mechi za maandalizi zimekuwa nyingi kupita kiasi, tena mara nyingi huwekwa ndani ya tiketi za msimu, na shabiki aliyelipa kuwaona nyota huishia kuwaona vijana ambao wiki ijayo watarudishwa ligi za chini. Hatari nayo ni ya kweli: mwaka 2024 Montreal ilikuwa imetoka kumpata Patrik Laine, akaumia goti katika mechi ya maandalizi dhidi ya Toronto, na mashabiki waliokuwa wakimngoja kwa hamu hawakumwona katika ligi hadi Desemba. Sisemi kwamba hatari itakwisha, kwa kuwa Aleksander Barkov, nahodha wa Florida, aliumia vibaya goti Septemba 2025 akiwa mazoezini tu.

Ninachokisikitikia katika mabadiliko hayo ni nafasi ya vijana. Kikosi kinachoanza msimu kina wachezaji wasiozidi 23, na kijana asiye na jina aliweza zamani kumlazimisha kocha ambakize kwa kucheza vizuri katika mechi tano au sita za Septemba. Sasa atakuwa na mechi mbili au tatu za kujieleza. Kwa sababu hiyo nadhani makocha wanapaswa kuwa wakarimu zaidi Oktoba, na kanuni inawaruhusu: mchezaji wa miaka 18 au 19 anaweza kucheza mechi tisa bila mwaka wa kwanza wa mkataba wake kuanza kuhesabiwa. Hizo mechi tisa ndizo nitakazozifuatilia kwa karibu kuliko vichwa vyote vya habari vya usajili, kwa sababu klabu inayompanga kijana wake katika mechi ya kumi imelijibu kwa fedha zake yenyewe swali ambalo mashabiki wamekuwa wakilibishania tangu Juni, yaani kama kijana huyo yuko tayari.