Ndege Yetu Imegongwa na Kirikuu

Mshenga hana mdomo wa kujitetea, hasa akiwa na barua ya posa mfukoni na wenye binti wanamsubiri ng'ambo ya bahari. Siku hiyo mshenga nilikuwa mimi. Safari ilikuwa Tanga kwenda Unguja kwa ndege ndogo, zile Cessna Caravan za injini moja zenye bawa juu ya kichwa, maana Shangazi alikataa katakata kwenda kuposea watu huku ametoka kutapika kwenye boti. Wazee wa kule walitutaka baada ya Adhuhuri.

Kwanza tulipimwa. Si mizigo tu, sisi wenyewe. Shangazi akavua viatu, bangili, akataka kuvua na saa, ndipo akapanda mzani na kumwambia yule kijana, "Andika, usitangaze." Kiroba cha machungwa ya Muheza kikazidi kilo 15 za mzigo tulizoruhusiwa. Tukayapunguza kwa kuyala palepale na kuwagawia abiria wenzetu, ndiyo maana nusu ya mashahidi wa tukio walikuwa na maganda mkononi.

Ndege ilikuwa imeegeshwa mbele yetu, kabari kwenye matairi, koni ya rangi ya chungwa nyuma ya mkia. Kikaja kirikuu, kile kigari kidogo cha kubebea mizigo, na maboksi yake, kikageuza, kikaanza kurudi nyuma. Utingo alikuwa ameshuka kumwelekeza dereva. "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo..." Alipoona sasa basi, akapiga bodi kwa kiganja, pa pa!

Tatizo ni kwamba dereva huyo, kama tulivyokuja kujua kwenye maelezo yake, alikulia kwenye daladala. Kwake yeye bodi ikipigwa maana yake abiria wameingia, twende. Akaenda. Koni ikalala kwanza. Kisha chuma cha keria kikaingia kwenye kile kibapa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua ya ndege. Mlio wenyewe haukuwa wa kutisha hata kidogo. Kama sufuria limeanguka jikoni kwa jirani.

"Mgosi, nimeigusa tu," dereva akasema, akishuka mikono juu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba uwanja wote ulijaa mafundi. Mmoja alimjua fundi bodi wa Ngamiani ambaye angekuja na bajaji sasa hivi. Mwingine akasema pale ni kugonga kidogo kwa ndani, unapiga puti, unapiga rangi, nani atakuja kuona huko mawinguni? Kapteni, binti mdogo mwenye miwani ya jua, aliizunguka ndege kimya, akakipandisha na kukishusha kile kibapa kwa mkono, akasema haruki mtu mpaka injinia atoke Dar es Salaam.

Shangazi akamwendea. "Mwanangu, mkwaruzo huo?"

"Shikamoo mama. Hii ni alumini nyembamba. Huwezi kujua kilichopinda ndani."

Akatusimulia kisa cha Marekani, Desemba 2005. Ndege ya Alaska Airlines iligongwa na gari la mizigo pale Seattle, mfanyakazi akanyamaza, ndege ikaruka. Ilipofika kama futi 26,000 ubavu ukatoboka, hewa ikatoka, barakoa zikashuka kutoka darini.

"Wakafa?"

"Hapana mama. Walirudi salama walikotoka."

"Basi sisi tumewashinda, tumerudi kabla ya kuondoka."

Kwa viwanja vikubwa, alisema kapteni, gari husimama kabla ya kuifikia ndege, dereva akajaribu breki, ndipo akasogea polepole. Na harudi nyuma bila mtu wa kumwelekeza kwa ishara za mikono. "Mikono," akarudia akimtazama utingo. Utingo akaificha yake nyuma.

Sasa ikabidi nipige simu Unguja. Akapokea mjomba wa binti.

"Tutachelewa kidogo, mzee wangu. Ndege imegongwa na gari."

Kimya. "Gari limefikaje huko juu?"

"Ilikuwa chini, mzee. Imeegeshwa."

"Aa, yakhe. Kama hamna mahari semeni." Akakata.

Nikampigia bwana harusi mtarajiwa, aliyekuwa kazini Korogwe, anisaidie kueleza. Akaniuliza kama nimeanza kunywa. Nikapiga picha ya kirikuu kikiwa chini ya mkia, nikaituma. Mjomba akajibu kwamba siku hizi picha zinatengenezwa na kompyuta.

Injinia alifika alasiri na ndege nyingine, akamulika tochi, akatikisa kichwa, na ndege yetu ikabaki. Tukahamishiwa ile aliyokuja nayo. Shangazi aliilinda kwanza: alisimama mkiani na mwamvuli wazi, na kirikuu kilipowasha injini tu, akainua mkono kama trafiki wa Barabara ya Ishirini.

Unguja tuliingia Isha. Pilau imeshapoa, nyuso pia. Nikajitetea kwa kila nilichokuwa nacho, hata nikawatajia kwamba shirika la Flight Safety Foundation liliwahi kukadiria kuwa ajali za kwenye maegesho ya ndege zinagharimu dola bilioni 10 kwa mwaka duniani. Mzee mmoja akauliza kama kwenye hizo bilioni kirikuu cha Tanga kimehesabiwa.

Wakanong'onezana. Kumbe kwao kuna utaratibu: mshenga akicheleweshwa na ndege husamehewa, kwa kuwa angani hakuna njia ya mkato, akicheleweshwa na gari hulipa faini, kwa kuwa angetoka mapema. Yetu ilikuwa ndege, lakini kosa ni la gari. Mjadala ukachukua muda mrefu kuliko posa yenyewe. Mwisho wakaamua tulipe nusu.

Shangazi akafungua pochi, akahesabu noti mojamoja, kisha akawaomba wakwe risiti, yenye jina la dereva wa kirikuu.