Wazee Ulingoni: Kinyongo au Njaa?

Filamu ya Grudge Match, iliyotoka Krismasi ya mwaka 2013, imesimama juu ya mzaha mmoja: Sylvester Stallone na Robert De Niro, ambao sinema za ndondi ziliwajengea jina ujanani, wanavaa glovu tena, mmoja ana miaka 67, mwingine 70. Wanaigiza Razor na Kid, mabondia wa Pittsburgh waliopigana mara mbili, kila mmoja akashinda moja. Pambano la tatu halikupigwa kwa sababu Razor alistaafu ghafla, na miaka 30 baadaye kinyongo bado kibichi.

Wanaoitetea wana hoja. Filamu inajicheka yenyewe. Wazee wamebanwa ndani ya nguo za kijani za kurekodia gemu, wanazichapa kavukavu studio, video inasambaa, na promota anayeigizwa na Kevin Hart anaanza kunusa hela. Na nani ana haki ya kumwambia mtu muda wako umekwisha? Bondia George Foreman aliambiwa hivyo, na mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akamlaza Michael Moorer raundi ya 10 akawa bingwa wa dunia.

Ila Foreman ni mmoja. Muhammad Ali alirudi mwaka 1980 akiwa na miaka 38 tu, akapigwa na Larry Holmes mpaka wasaidizi wa kona yake wakasalimu amri. Evander Holyfield, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, miaka 58, hakumaliza raundi ya kwanza mbele ya Vitor Belfort mwaka 2021. Tena filamu hii inafunga kwa kichekesho cha Holyfield na Mike Tyson wakibembelezwa warudiane. Mwaka 2024 Tyson, naye miaka 58, alipanda kweli kuzipiga na Jake Paul, nyota wa YouTube aliyegeukia ndondi, wa miaka 27. Raundi zilifupishwa ziwe za dakika mbili, na bado miguu ilimwisha mapema. Mzaha uligeuka biashara.

Kinachonikera zaidi ni lile jicho. Razor haoni jicho moja. Kid akigundua, anaacha kulilenga. Kwenye hadithi huo ni uungwana. Mbele ya daktari wa ndondi anayejua kazi yake, pambano lisingefika hata kwenye kengele.

Hata hivyo, filamu inasema kweli mahali ambapo haijisifu. Razor hasukumwi na kinyongo. Analipia matunzo ya kocha wake mzee, kisha anapoteza kazi kwenye kiwanda cha meli. Mabondia wengi hurudi hivyohivyo: bili kwanza, heshima baadaye. Ubaya ni kwamba pambano likikaribia, shida ya hela inayeyuka, tunabaki na msamaha na penzi la zamani na mwanamke anayeigizwa na Kim Basinger. Mimi ningelipunguza hilo penzi nusu nzima, dakika zile nimpe Alan Arkin, anayeigiza yule kocha mzee, ambaye kila akifungua mdomo filamu inapata uhai.