Jimbo likipewa hiyo ardhi, mtaiona tena?
Nimesoma hii habari ya wanaharakati wa jimbo la Utah, Marekani, wanaotaka serikali kuu ya Washington iachie ardhi yake kwa jimbo na jamani siwabezi, Washington inamiliki karibu theluthi mbili ya Utah, jimbo jirani la Nevada ndo balaa kabisa, kama asilimia 80, sasa mfugaji wa kule vijijini kibali cha malisho mpaka mtu wa ofisini aamue, na kaunti haiwezi kuitoza kodi hiyo ardhi inapewa kifuta jasho tu. Hilo naelewa.

Ila mbona hamsemi yote? Sheria ya 1894 iliyowafungulia mlango wa kuwa jimbo iliwataka waachie milele madai ya hizo ardhi, wakakubali wenyewe!! 2012 wakatunga sheria yao kwamba wakabidhiwe kabla ya mwisho wa 2014, kimyaaa. 2024 wakakimbilia Mahakama ya Juu wakidai ekari milioni 18.5, Januari 2025 ikakataa hata kuwasikiliza.

Na moto wa nyika kwenye hizo ardhi je? Mi niko huku Utah, Salt Lake, kiangazi moshi unaingia mpaka sebuleni (mtoto wangu ana pumu, najua ninachosema), kuzima moto ni hela nyingi mno, jimbo litazitoa wapi kama si kuuza? Waulizeni Nevada, walipewa zaidi ya ekari milioni 2 wameshauza karibu zote. Saivi tunaenda kupiga kambi huko bila kulipa senti, siku tajiri mmoja akinunua akaweka geti sijui mtamlalamikia nani